Sababu ya Kuchelewa Kwangu Kurudi Ujiji

Mbarara, Uganda
9 Novemba 2025

Wapendwa wazazi wangu,

Assalamu alaykum. Shikamooni nyote wawili, na salamu zangu zimfikie shangazi pamoja na wadogo zangu, kila mmoja kwa jina lake. Mimi ni mzima wa afya. Kazi ya kufundisha inaendelea vyema, na wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza na cha pili, ambao tangu mtaala wa mwaka 2020 wanasoma Kiswahili kwa lazima, watake wasitake, sasa wanaandika insha ya ukurasa mzima bila kuniomba ruhusa ya kwenda msalani.

Mama, umeniuliza kwa nini nimesema sitafika Desemba, ilhali shule zitakuwa zimefungwa hadi Februari. Najua jibu la mkato halitakutosha, kwa hiyo nimeona nieleze kwa utaratibu.

Tangu mwaka jana, kila Jumamosi, mimi na walimu wenzangu wawili, Waganda wote, huondoka hapa mjini alfajiri kwa taksi, ambayo huku ni kile sisi tunachokiita daladala, kisha tunamalizia kwa bodaboda hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro. Ni makazi ya zamani sana, yaliyopokea Wanyarwanda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo humo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Msifikirie kambi kama Nyarugusu ya huko kwetu Kigoma, ambako mtu hatoki bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na katika makazi kama haya familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima bustani. Baba, nakumbuka ulivyozoea kusema kwamba mtu akifungiwa bila jembe huzeeka haraka. Ungekuja huku ungepata la kusema.

Hata hivyo, kiwanja kwenye karatasi na kiwanja chenye nyumba ni vitu viwili. Familia inatoka kituo cha mapokezi ikiwa na turubai, nguzo chache, jembe, panga, sufuria, madumu ya maji na mablanketi, inashushwa kwenye kipande cha kichaka, na gari linaondoka. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia, nayo si kazi ya kuvutia macho. Tunashika nguzo wakati mwenye nyumba anachimbia. Tunaonyesha kisima kilipo, soko hufanyika siku gani, maharage ni bei gani ili mgeni asilanguliwe, na jinsi ya kumsalimu jirani Mnyankole, kwa maana anayesema "agandi" na kushukuru kwa "webare" huuziwa ndizi kwa uso mwingine kabisa.

Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya lugha. Wakongo wa Kivu wanazungumza Kiswahili, wauguzi na walimu wengi wa hapa hawakizungumzi, basi nikajiona daraja. Mungu akaniumbua mapema. Mama mmoja wa watoto watano, aliyetoka Rutshuru, aliniambia, "Mwalimu, miye nataka kuuza mbuzi, unisaidie." Nikaenda sokoni, nikamtafuta mchinjaji, nikamsifia mbuzi ambaye sijawahi kumwona, na Jumamosi iliyofuata mchinjaji akafika kwa bodaboda akiwa na kamba mkononi. Mama naye alikuwa amesimama mlangoni, fedha zimefungwa fundo kwenye ncha ya kitenge. Wakasalimiana, wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake amtoe mbuzi. Kumbe kwao kuuza ndiko kununua, na kuuza kwetu wao hukuita kuuzisha! Nauli ya mchinjaji nililipa mimi, kwa aibu. Bahati njema, nyumbani kwake alikuwa na mbuzi jike mdogo ambaye hakumfaa kwa kuchinja, na biashara ikafanyika kinyume na nilivyoipanga. Tangu siku hiyo, kabla sijamsemea mtu yeyote kwa daktari au kwa mwalimu mkuu, humrudishia kwanza maneno yake mwenyewe, nikangoja aitikie.

Jambo linaloniweka huku Desemba, lakini, ni watoto. Yupo kijana wa miaka 13, aliyekimbia Goma na babu yake mji ule ulipotekwa Januari mwaka huu. Huko alikuwa akimaliza shule ya msingi kwa Kifaransa. Huku masomo kuanzia darasa la nne ni kwa Kiingereza, na kwa kuwa hakijui, shule moja ikamweka darasa hilo la nne. Nilimkuta ameketi kati ya watoto wa miaka tisa, magoti yamegota chini ya dawati, na mwalimu alipouliza robo tatu ya ishirini na nne yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akajibu kumi na nane kwa Kifaransa, darasa zima likacheka. Jibu lilikuwa sahihi. Wiki iliyofuata hakuonekana tena shuleni. Nilimkuta akisukuma baiskeli yenye madumu manne, akiwachotea watu maji kwa malipo.

Simlaumu, wala babu yake simlaumu. Mwaka huu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliwaondoa takriban watu milioni moja katika mgao wa chakula hapa Uganda, nchi ambayo ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7. Ukiisikia hesabu hiyo redioni ni hesabu tu. Kule Nakivale maana yake ni kwamba fedha ya madumu manne ndiyo unga wa jioni, na mimi ninayemwambia kijana arudi darasani sina unga wa kumpa. Tulichokubaliana naye, na wenzake kumi na wawili walio katika hali kama yake, ni masomo ya Kiingereza siku tatu kwa wiki wakati wa likizo, kuanzia saa nane mchana, baada ya maji kuchotwa, ili shule zitakapofunguliwa waombe kupimwa upya na kupandishwa madarasa. Kama tutafaulu au la, tutaona Februari. Nikiondoka Desemba, masomo hayo yatabaki kwa wenzangu wawili ambao wanajua Kiingereza vizuri kunishinda, lakini hawawezi kumweleza mtoto kwa Kiswahili anapokwama.

Babu wa kijana huyo ndiye aliyenifanya niwakumbuke sana. Nilipomwambia natoka Ujiji, aliweka kikombe chake cha chai chini. Yeye ni mzaliwa wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1996 alivuka ziwa hilo kwa mtumbwi pamoja na mama yake hadi Kigoma, akakaa Nyarugusu miaka kadhaa kabla ya kurudi kwao. Aliniuliza habari za mwalo wa Kibirizi, kama samaki wale, migebuka, bado wanaanikwa pale, na kama maembe ya Ujiji bado yanaoza chini ya miti kwa wingi. Nikamjibu kwamba yanaoza.

Nami nilikuwa mtoto wa miaka saba mwaka ule. Nakumbuka familia iliyolala katika stoo ya nyavu ya Baba, na nakumbuka majirani walivyokuja kumgombeza Mama kwamba wageni wanakimaliza kisima cha uani. Hapa Nakivale ugomvi ni ule ule. Wenyeji wanaambiwa kwamba asilimia 30 ya misaada inapaswa kuwafikia na wao, na kweli shule na zahanati wanazitumia pamoja, lakini ifikapo Julai, jua linapowaka na foleni ya kisima inapofika barabarani, hakuna anayehesabu asilimia. Mwenyekiti wa kijiji, wanayemwita LC, ametuomba tuketi na pande zote mbili mwezi ujao, na mimi nimeambiwa nizungumze.

Kwa hiyo Mama, nina swali, na naomba ulijibu kwa kirefu, umwambie mdogo wangu akuandikie. Wale majirani walikuja kwa hasira, hilo nalikumbuka vizuri. Na baada ya muda nakumbuka walikuwa wakichota maji pamoja na wageni asubuhi. Katikati hapo sikumbuki kitu. Uliwaambia nini?

Kaka akija Kyerwa kwa biashara zake, mpeni kilo mbili za dagaa na migebuka mikavu kiasi mtakachoweza. Nitavuka mpaka pale Kikagati kwenda Murongo kumpokea. Migebuka ni ya yule mzee.

Mimi mtoto wenu.