Kwa walimu vijana wa sanaa mliopangiwa Dodoma

Wanangu, mbukwenyi.

Nimesikia malalamiko yenu: shuleni hakuna mashine ya kuchapia picha za kuchonga, lino, yale mashiti laini ya kuchongea, hazipatikani, wino ni ghali. Kweli kabisa. Ila mimi nimechapa picha zaidi ya miaka 30 na mashine nimeigusa mara chache. Soli ya kandambili kuukuu inachongeka vizuri. Tyubu ya baiskeli ukiikata na kuigandisha juu ya ubao inatoa mstari safi. Mkishapaka wino, lazeni karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni. Kinachosumbua hapa kwetu ni kiangazi: wino wa maji unakauka kabla hujalaza karatasi, na upepo unaumwagia vumbi. Tieni matone machache ya glisarini ya duka la dawa, mchape asubuhi na mapema.

La vifaa mtalimaliza wenyewe. Ninachohofia ni mikono yenu.

Mwaka wangu wa tano kazini niliacha kuchonga. Kusahihisha, zamu, vikao, sababu hazikosi. Nikabaki mwalimu wa chaki. Siku moja mwanafunzi wa darasa la sita akachonga tembo aliyezama matopeni, ile hadithi ya Idodomya, "amezama" kwa Kigogo, inayosemwa ndiyo asili ya jina Dodoma, na chini yake akaandika DODOMA. Kuchapa, ikatoka AMODOD, D zote zimegeuza mgongo. Darasa likacheka. Aibu ilikuwa yangu, maana nilipita mezani kwake mara tatu, nikakitazama kibao, nisione kitu. Mchapaji husoma kinyumenyume bila kufikiri. Jicho langu lilikuwa limeshalala. Jioni nilitafuta patasi zangu. Zina kutu, na moja mama watoto alikuwa akifungulia makopo.

Ndiyo maana nawasihi: kila muhula mchonge walau kibao kimoja chenu, tena mbele ya wanafunzi. Wakuone ukiteleza na kukata mstari usioutaka, kisha waone utafanyaje, kwa sababu mbao ikishatoka hairudi. Watafutieni picha za mchapaji John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki 1987. Alichonga maneno ndani ya picha zake za lino, nyingi nyeusi na nyeupe tu, na kila herufi alilazimika kuigeuza.

Nauli ikipatikana, wapelekeni Kolo, Kondoa, wakaone michoro ya miambani. Imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Wasiiguse, wala asitokee mjanja wa kumwagia maji ili rangi iwake, maana maji yanaiharibu. Wakae tu na kuangalia jinsi umbo zima la mtu lilivyochorwa kwa mistari michache myembamba, halafu wakirudi wachonge walichokikumbuka.

Kibao chenu cha kwanza kikikamilika nileteeni nikione, hata kama kimeharibika. Alasiri nipo nyumbani, isipokuwa Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu