Daraja la meno: mbona mmetuonyesha tabasamu tu?

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sio mtu wa kuandika barua, huwa nasoma, naguna, nafunga gazeti basi, lakini ile makala yenu ya kurasa za afya kuhusu kuziba mapengo kwa daraja la meno nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja tu na sijakiona. Mmeandika vizuri jinsi daraja linavyomrudishia mtu raha, anatafuna pande zote, anaongea bila kurusha mate, anacheka bila kuziba mdomo na kiganja. Yote kweli, sibishi. Na ile picha ya dada mwenye meno meupe pee imetulia kabisa. Ila hakuna mahali mmesema kwamba ili hilo jino moja likae pale, meno mawili ya jirani yanasagwa.

Na sio kupigwa msasa kidogo jamani. Yanasagwa hasa.

Maana daraja la kawaida la jino moja ni meno matatu yaliyoungana, la katikati ni la bandia, halina mzizi, limekaa tu juu ya fizi, na huku na huku kuna kofia mbili zinazovikwa meno yako mwenyewe ambayo ndo nguzo. Sasa kofia ina unene wake, iwe ya kauri, ya zirkonia au ya chuma kilichofunikwa kauri, kwa hiyo jino la chini yake lazima lipunguzwe ili kofia ipate pa kukaa, milimita moja hadi mbili kuzunguka na juu pia. Unaweza kuona milimita moja ni nini bwana, lakini zungusha hiyo milimita jino zima halafu angalia kilichobaki, mara nyingi zaidi ya nusu ya ile sehemu inayoonekana mdomoni imeondoka. Na enameli, lile gamba gumu la juu, sio kucha kwamba itaota tena.

Mimi lilinitoka gego la kwanza la chini kushoto, lile linaloota mtoto akiwa na miaka kama 6, na wazazi wengi wanadhani ni jino la utoto litang'oka lenyewe kumbe ndo hilo hilo mpaka uzeeni. Langu lilizibwa mara mbili, mwishowe likapasuka likang'olewa. Kidonda kikapona, fizi ikatulia baada ya miezi kadhaa, lakini ulimi ndo haukutulia, niko kwenye mazungumzo ya maana na watu huku ulimi wangu uko pale kwenye shimo unapapasa kama mtu aliyepoteza ufunguo gizani. Nikaenda kliniki. Daktari akaangalia akasema, "Hapa tutakuwekea daraja, wiki mbili umemaliza." Nikasema sawa daktari. Hayo ndo yalikuwa mazungumzo yetu yote, sikuulizwa kitu na mimi sikuuliza, na hapo kosa la nani mtajaza wenyewe.

Siku ya kusaga nikachomwa sindano ya ganzi, mdomo ukawa mzito kama sio wangu, mashine ikaanza kulia, maji yananirukia usoni na harufu kama ya kucha inayoungua. Katikati daktari akatoka kidogo. Nikamwomba yule msaidizi kioo, akasita, halafu akanipa. Mhariri, meno yangu mawili ambayo hayajawahi kuuma, hayajawahi kuzibwa, hayana hata doa, yalikuwa vigingi. Vidogo, vya njano njano, vimesimama mbalimbali kama nguzo za uzio uliong'olewa mbao. Nikasema moyoni kumbe kata pua uunge wajihi ndo hii. Ila hapo utamwambia daktari arudishe nini? Ikachukuliwa chapa ya meno kwa ule ute wa kwenye trei unaogandia mdomoni huku unahema kwa pua, nikavishwa la muda la plastiki, baada ya siku chache likaja lenyewe kutoka maabara, likagandishwa kwa sementi, nikang'atishwa ile karatasi ya rangi ng'ata, saga, ng'ata tena mpaka ikaacha kugonga, nikarudi nyumbani najichekea kwenye kila kioo.

Nisiwe mwongo, nilikula raha. Miaka nane. Nilisahau kabisa lipi langu lipi la dukani.

Lakini hakuna aliyenifundisha kusafisha chini yake, na hili naona ni kubwa kuliko hata kusagwa. Lile jino la katikati halijaota kwenye fizi, limeegemea tu, kwa hiyo chini yake kuna kijinjia, chakula kinaingia, ukoga unajijenga, mswaki haufiki. Uzi wa meno wa kawaida hauwezi kushuka kutoka juu kwa sababu meno yameunganishwa, inabidi upenyeze kwa pembeni, kuna kitu kama sindano ya plastiki yenye tundu kubwa unatungia uzi unaupitisha chini kwa chini, au unanunua uzi wenye ncha ngumu tayari, au vile vibrashi vyembamba vya katikati ya meno. Kazi ya dakika moja mbili kila usiku. Mimi mara yangu ya kwanza kupitisha huo uzi ilikuwa mwaka wa saba, baada ya mtu wa nyumbani kuniambia kwa upole kwamba pumzi yangu siku hizi ina jambo. Uzi ulivyotoka nikaunusa, sijui kwa nini nilinusa, na sitaielezea ile harufu kwenye gazeti linalosomwa asubuhi.

Sasa mwaka wa nane nikaanza kusikia ladha mbaya ukingoni mwa gego la nyuma, inakuja inakwenda. Maumivu hakuna. Daraja limekaa, halichezi, nikajua ni mambo ya tumbo. Nikaja kwa daktari mwingine kwa shida nyingine kabisa, akabonyeza daraja kwa kidole upande wa nyuma, akaniambia angalia kwenye kioo. Vipovu. Kila akibonyeza vipovu vidogo vya mate vinachungulia pale kofia inapokutana na fizi. Akanieleza kwamba sementi ya kofia ya nyuma ilishaachia zamani, ila ya mbele bado imeshika, ndo maana daraja zima halikutoka nikajua. Kwa hiyo kofia ikawa kama sufuria iliyofunikwa, mate na bakteria wanaingia wanatoka, jino linaoza humo ndani na mimi nacheka tu. Lingetoka lote siku ile ile ningeliokota nikimbilie kliniki. Walipolikata kulitoa, gego la nyuma lilikuwa laini, kifaa kinazama. Likang'olewa. Nilienda kuziba pengo moja sasa nina mawili yaliyofuatana, Mhariri.

Najua madaktari wa meno watasoma hapa waseme huyu anatutisha wateja. Hapana. Daraja lililotengenezwa vizuri na kutunzwa linakaa miaka 10 hadi 15, na wapo waliovuka hapo. Na kuna hali daraja ndo jibu lenyewe, mfano kama hayo meno jirani yenyewe yameshachakaa, yana viraka vikubwa, yalikuwa yavishwe kofia tu siku moja, basi hapo husagi kitu kizima, unaua ndege wawili kwa jiwe moja. Mimi yangu yalikuwa mazima. Hiyo tofauti ndo sikuambiwa na ndo haimo kwenye makala yenu.

Halafu kuna njia nyingine ambazo mmezipitia kama mtu anayekimbia mvua. Kuna daraja la kugundishwa, lina kibawa chembamba kinachobandikwa kwa gundi nyuma ya jino jirani, kusaga ni kidogo sana au hakuna. Linaitwa la Maryland kwa sababu lilitoka Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani, miaka ya 1980 ndo likavuma, na linafaa zaidi meno ya mbele. Ubaya wake linaweza kubanduka, lakini likibanduka unabaki na jino lako, linabandikwa tena. Kuna implanti, skrubu ya titani inayopandwa ndani ya mfupa wa taya, jirani haguswi kabisa. Hii msingi wake ni Brånemark wa Uswidi, aliyegundua miaka ya 1950 kwamba mfupa unaikumbatia titani, na mgonjwa wake wa kwanza akapandikizwa 1965. Hiyo ni upasuaji na miezi ya kusubiri, na mvutaji sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa aambiwe mapema kwamba kwake hatari ya kufeli ni kubwa zaidi. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, watu wanayadharau, mi mwenyewe niliyadharau, lakini hayasagi jirani hivyo, na yakikushinda unayavua. Na kwa taarifa tu, kuunga meno sio uvumbuzi wa juzi, Waetruski wa Italia ya kale walikuwa wanazungushia meno ukanda wa dhahabu kushikilia la bandia zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na hao hawakuwa na mashine ya kusaga.

Ya mwisho ambayo haikutajwa kabisa: kuliacha pengo. Ndiyo, kuliacha. Nakubali kuna hatari yake, meno jirani yanaweza kulala kuelekea kwenye nafasi, la upande wa pili likashuka au likapanda kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye. Lakini sio kila pengo na sio kila mtu, na la nyuma kabisa wengi wanaishi nalo bila shida. Japani wana kampeni tangu 1989 inayoitwa 8020, yaani ukifika miaka 80 uwe na meno yako 20, kwa sababu mwenye 20 anatafuna karibu kila kitu. Mtu mzima akikamilika ana 32. Piga hesabu mwenyewe.

Huyu daktari wa sasa amepiga picha, amechukua chapa za meno yangu, akaziweka mezani, akanionyesha kwa kalamu wapi mfupa umepungua na wapi bado upo, halafu akaniuliza, "Wewe unataka nini?" Mara ya kwanza naulizwa. Nimemwambia nipe mwezi mmoja nifikirie, akasema hata miwili. Ile nguzo ya mbele imepona, ina kofia yake peke yake, kila usiku naisafisha kama mtu anayebembeleza mgonjwa.

Ombi langu ni dogo. Mkirudia kuandika habari hii, na mtarudia, pembeni ya yule dada wekeni na picha ya vile vigingi viwili, ukubwa ule ule. Kliniki yoyote inazo.

Wasalaam,
Msomaji wenu mwenye mapengo mawili

Nyongeza: mkiona barua ni ndefu mnataka kukata, kateni Waetruski. Vipovu viacheni.