Barua kwa mpiga fidla wa nyuma

London

Mdogo wangu Suleiman,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua. Mpe mama shikamoo yangu.

Nimesoma malalamiko yako: kikundi chenu cha taarab kimekuweka nyuma na fidla yako, vipande vya kupiga peke yako wanapewa wakubwa, na wewe unafikiria kuacha. Sikujibu upesi kwa kuwa sikuwa na la maana la kukwambia. Sasa ninalo.

Juzi nilikwenda ukumbi wa Royal Albert Hall kwenye Proms, maonyesho ya muziki wa okestra yaliyoanza 1895. Viti ni ghali, lakini wanauza tiketi za kusimama kwa bei nafuu, chini kabisa mbele ya jukwaa. Miguu iliniuma, ila wapigaji niliwaona kwa karibu. Walipiga simfoni, yaani muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, ya tisa ya Dvořák, Mcheki aliyeitunga 1893 akiwa New York, mbali na kwao. Sehemu ya pili ilinikumbusha nyumbani mpaka koo likanikaba. Na hapa hakuna kutunza! Nyanyuka na pesa zako uone kama hujatolewa nje.

Macho yangu yalikuwa kwa mpiga tuba, tarumbeta kubwa linalopakatwa kama mtoto. Muziki wote ni kama dakika 40. Yeye ana nota chache tu, mwanzoni na mwishoni mwa hiyo sehemu ya pili. Basi. Ungedhani atasinzia. Wapi! Kakaa wima, anafuata kila kitu. Zamu yake ilipokaribia akapuliza pumzi ndani ya bomba bila kutoa sauti, kulipasha moto, maana shaba ikipoa sauti hushuka. Kisha akaingia pamoja na wenzake. Asingekuwapo, chini pangebaki patupu.

Mimi zamu zangu za usiku kwa wazee ninaowahudumia huku nyingi ni za kukaa macho tu, na nilikuwa nazihesabu hasara. Siku hizi sizihesabu hivyo.

Sikwambii uridhike kukaa nyuma milele. Ukiona wanakubana, sema. Lakini maadamu uko huko, jifunze wimbo wote, hata pale usipopiga.

Nyuzi ulizoomba nitazituma nikipata mtu anayekuja. Hebu nijibu: bashraf, ule muziki wa ala tupu bila kuimba, mnayoifanyia mazoezi ni ipi, na fidla zinaingia wapi?

Kaka yako