Barua kwa Mama Zuhura kabla hajapanda boti ya Unguja

Ujiji, Kigoma

Mama Zuhura mpenzi,

Asalaam alaykum. Huku hatujambo, ila mwezi ni mpevu na boti zimepumzika. Dagaa hawafuati taa usiku wa mbalamwezi, kwa hiyo na mimi nimekaa barazani, sina cha kuanika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na Baba Zuhura anayekukatiza kila mara. Ningekujibu kwa simu ningesahau nusu, na kijana wangu anapanda treni ya kuja huko kwenu, basi nimempa karatasi hii akukabidhi mkononi.

Nimefurahi kwamba safari ya Unguja ya mwezi wa saba mmeiamua kweli. Orodha aliyoisoma mzee wako nimeielewa: Nungwi, pomboo, kobe, na ule mkahawa ulio juu ya jiwe baharini. Si mbaya, lakini ni orodha ya mtu aliyeshuka kwenye ndege akapakiwa garini hadi hotelini, mji wenyewe hajautia machoni. Ninyi mnatoka Tabora. Ile njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyopita kwenu Kwihara ilitokea huku kwetu Ujiji, na mizigo yake iliishia kulekule mnakokwenda. Mkikimbilia mchangani siku ya kwanza mtarudi na picha nzuri na habari hamna.

Kwanza njia. Basi hadi Dodoma, pale mpande treni ya umeme mpaka Dar. Tangu 2024 imetuondolea adha kubwa, na ikishafika Tabora nadhani mtatucheka sisi wa mwisho wa reli. Boti ya kasi kutoka bandarini Dar ni kama saa mbili. Mwezi wa saba ni msimu wa upepo wa kusi na bahari huchafuka, kwa hiyo kaeni chini, upande wa nyuma, na msijaze matumbo chapati za mafuta asubuhi. Vitambulisho viwe mkononi. Mkitoka nje ya bandari mtalakiwa na mapapasi, wale vijana wanaotaka kumpeleka mgeni kila mahali kwa bei yao. Waambieni mmekuja kwa ndugu, halafu endeleeni kutembea. Baba Zuhura asianze kuwahoji wametoka kijiji gani, tafadhali.

Anzeni Darajani. Soko la zamani lilijengwa mwaka 1904, na mimi ndilo lililonikalisha kuliko kitu chochote kisiwani, wenzangu wakanichoka. Unajua mimi ni mtu wa dagaa, nikaenda moja kwa moja upande wa samaki. Pweza wamelazwa mafungu mafungu, taa wapana kama ungo, nguru, changu, jodari anakatwa kwa shoka. Mnada unapigwa kwa kasi, ukikuna kichwa tu umeshanunua. Dagaa wao si wetu. Wetu wanatoka ziwani wanakwenda juani vilevile walivyo. Wao wanawachemsha kwanza kwa maji ya chumvi, ndipo wanawaanika, na wanunuzi wakubwa ni Wakongo. Nikacheka peke yangu. Mkongo aliye ng'ambo ya ziwa letu, ukitazama kutoka Ujiji unaona milima yake, anakula pia dagaa wa Bahari ya Hindi! Niliwaonja. Wazuri, lakini utamu wa dagaa wa Kigoma hawana, na hilo nililisema palepale sokoni kwa sauti.

Upande wa viungo nunueni mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga. Zafarani ya bei rahisi iacheni, si zafarani, ni rangi tu. Karafuu chukueni vipakiti vidogo vya kupikia pilau. Msikubali mtu awatume na kiroba cha karafuu kuvusha Bara: biashara hiyo iko mikononi mwa serikali ya kule, na magendo ya karafuu yana kesi.

Kutoka Darajani hadi Mkunazini ni mwendo mdogo kwa miguu. Hapo msiende kwa haraka. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza akatia saini, na mwaka huohuo msingi wa kanisa la Waanglikana ukawekwa juu ya kiwanja hichohicho. Wanasema madhabahu ipo pale uliposimama mti wa kuchapia watu. Ndani kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, ambayo leo ipo Zambia. Chini ya mti ule ndipo moyo wa Livingstone, yule mmisionari wa Kizungu, ulipozikwa, mwaka huohuo wa 1873. Mwili wake watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliukausha, wakaubeba kupitia kwenu Unyanyembe hadi Bagamoyo, ukavushwa Unguja, kisha ukapelekwa kuzikwa London.

Mimi nimekua na habari za mzee huyo. Mwembe wetu wa Ujiji, pale alipokutana na Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, mwaka 1871, umezaa miembe mingine na wageni wanapiga picha. Ninyi mna lile tembe la Kwihara walimokaa pamoja. Sasa kule kanisani nikauona na msalaba. Nikajisemea, mtu mmoja ana mwembe, ana nyumba, ana msalaba, na waliotembea njia ileile na minyororo shingoni hata majina hawana. Nje kuna sanamu zao, watu watano wamesimama ndani ya shimo. Aliyezichonga ni fundi wa Sweden, mwaka 1998. Mama Zuhura, sikupiga picha. Bibi mzaa babu yangu alivuka ziwa kutoka Umanyema, na nyumbani kwetu hakuna anayesema alivuka kwa miguu yake au alivushwa. Wazee wakiulizwa wanaomba maji ya kunywa, mazungumzo yanageuka.

Ukishatoka pale omba uoneshwe nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kule Shangani. Huyo Hamed bin Muhammed el Murjebi kwenu si mgeni, baba yake alikaa Unyanyembe akaoa katika nyumba ya Mtemi Fundikira. Na kwetu Wamanyema, upende usipende, pembe na watu alivitoa kwetu. Alifia Unguja mwaka 1905. Usitarajie makumbusho. Ni nyumba ya watu wanaishi, kamba za nguo zinaning'inia, watoto wanashuka ngazi mbio. Utaona mlango wa kuchonga, utaangalia juu kidogo, basi. Mimi ilinitosha. Nilipenda kwamba hakuna aliyeipaka rangi kwa ajili yake.

Mji Mkongwe wenyewe uzungukeni asubuhi, kabla ya jua kali, na mkubali kupotea. Mtakuta msikiti, hekalu la Wahindi pale Hurumzi, Kanisa la Minara Miwili la Wakatoliki na kanisa lile la Mkunazini, vyote katika mji ambao mtu anaumaliza kwa miguu. Kwenye hekalu viatu vinabaki mlangoni. Kule kwingine jistirini tu, ninyi hamna shida hiyo. Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani, tazameni kwa nje. Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa ya mwanzo kuwekwa umeme, lakini Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, ikaua watu. Ngome Kongwe iko jirani.

Jioni kila mtu atawaambia bustani ya Forodhani. Nendeni, kwa ajili ya jua. Linazama upande wa Bara, yaani upande wetu, na vijana wanaruka kutoka ukutani kuingia baharini, kila mmoja anataka kumpita mwenzake kwa vituko. Chakula cha pale kimepangwa kizuri mezani, taa zimemulika, bei nayo imepangwa kwa Mzungu. Ulizeni kabla hamjashika kijiti cha mshikaki, na kamba waliolala tangu jana waachieni wenyewe. Urojo kunyweni mitaani, kwa mama mwenye sufuria na benchi. Una ukali wa embe, bajia, viazi, kachori, chipsi za muhogo juu. Mimi nilirudia.

Sasa ufuo, ambao najua ndio mnaoutaka. Sisi wa ziwa kuna jambo hatulijui, na hakuna aliyenitayarisha: bahari inaondoka. Ziwa letu likipandwa na upepo linachafuka, likitulia limetulia, maji yapo palepale. Kule Paje na Jambiani niliamka nikakuta maji yamekwenda mbali hata mawimbi huyasikii, imebaki nchi ya mchanga na madimbwi, wanawake wanatembea mahali ambapo jana jioni boti zilielea. Nilidhani kuna msiba wa dunia. Wenyeji wakanicheka: maji yamekupwa, mchana yatajaa. Basi kabla ya kulipia chumba upande wa mashariki, uliza maji yanajaa saa ngapi. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga ni bamvua, yanakwenda mbali zaidi na yanarudi kwa nguvu zaidi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali kiasi hicho, unaoga wakati wowote, ndiyo sababu mahoteli yamejazana. Kwa kuogelea Baba Zuhura yuko sahihi kuhusu Nungwi. Gari za abiria zinatoka mjini, namba 116, na pale ufukweni mafundi bado wanaunda majahazi kwa mikono.

Lakini kama ni mimi, ningelala Jambiani. Maji yakishakupwa wanawake wanaingia kwenye mashamba yao ya mwani. Ni vigingi vimechomekwa mchangani, kamba imevutwa baina yake, na vipande vya mwani vimefungwa kimoja kimoja. Kilimo hiki kilianza huko mwaka 1989. Mwani unakaushwa, unasafirishwa nje, unatolewa kitu cha kugandishia vyakula na dawa ya meno. Niliingia na mwenyeji mmoja, maji magotini, tukafunga mwani na kuzungumza biashara mpaka mgongo ukagoma. Bei anapangiwa na mnunuzi, kama tunavyopangiwa sisi. Na bahari imepata joto, ile aina ya mwani inayolipa vizuri inakufa, wanabaki na ya bei ya chini. Wengine wamehamia kutengeneza sabuni za mwani, faida inaonekana. Nilijifunza mengi kwa mama yule kuliko kwa mwongozaji yeyote, naye alitaka kujua mawese yanakamuliwaje.

Maji ya chumvi, nikuonye, si ya kufumbua macho ndani yake kama tulivyozoea. Na vaa viatu vya mpira, kuna mdudu wa baharini mwenye miiba myeusi. Ukimkanyaga safari imekwisha.

Pomboo wa Kizimkazi sikuwapenda. Pomboo wenyewe wazuri, ila boti zinawafukuza kama kuku wa kuchinja. Mkifika kijiji hicho nendeni Dimbani kuuona msikiti, kibla chake kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107. Mkiomba kwa adabu mtaoneshwa. Jozani ipo njiani kuelekea kusini, mnashuka kwa muda wa saa moja tu kuwaona kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake, na hawamwogopi mtu. Kobe wa Changuu, kile kisiwa kidogo jirani na mji, ni wakubwa, ni wazee, wanakula majani. Basi.

Na kwa kuwa mnakwenda mwezi wa saba, ulizeni siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, kule Makunduchi. Mimi sikuikuta, nilisimuliwa na wenyeji wangu mpaka usiku. Wanaume wanatandikana kwa mapande ya migomba kumaliza kinyongo cha mwaka mzima, wanawake wanapita wanaimba nyimbo za kutukanana, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na wazee wanatazama moshi umeelekea wapi. Siku hiyo nyumba isiyo na mgeni inahesabiwa ina nuksi, kwa hiyo hamtakosa kukaribishwa wala kula. Baba Zuhura asiingie kwenye mapambano. Presha yake naijua.

Mkipanga pesa, wekeni nyingi kwenye nauli na sokoni, kidogo kwenye boti za matembezi. Mfuko wa plastiki usibebe, kule walipiga marufuku tangu 2006. Na ukiwa Jambiani ninunulie sabuni ya mwani, ile isiyo na manukato. Ukirudi mpe kondakta wa treni yoyote inayokuja Kigoma, mimi nitaifuata stesheni. Kijana wangu akirudi naomba asali ya kwenu, lita moja tu, uipime mwenyewe, usimwachie yeye.

Msalimie Zuhura, Baba Zuhura, na mama mkwe. Waambie huku tunawakumbuka.

Ni mimi wako,
Mama Hamisi