Hifadhi ya pamoja isiachwe wazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuhusu sisi mawakala wadogo wa forodha hapa Tanga. Kwa miaka mingi nyaraka za mizigo zilizunguka ofisini kwetu kwa flashi, hata hati moja ya shehena ikawa na nakala tatu zisizolingana, na karani aliyepeleka bandarini ile ya zamani akarudi amenuna. Mwaka huu tulikodi hifadhi ya pamoja katika wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa mtandao, ambayo seva zetu mbili huisoma na kuiandikia kwa wakati mmoja kana kwamba ni diski yao wenyewe.

Utaratibu wake wa kushirikiana faili kwa mtandao, uitwao NFS, ulibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, na toleo lake la nne hupitia mlango namba 2049, yaani njia ya mtandao yenye namba hiyo. Fundi wetu alipoona seva zimeganda zikingoja jibu la hifadhi kwa kuwa mlango umefungwa, aliufungua mlango huo kwa dunia nzima. Kweli hifadhi ikaunganika, lakini nyaraka za wateja zikawa kama duka lililolala bila komeo. Ilitosha kuruhusu anwani za seva hizo mbili tu. Tena, kutunzwa kwa data ya hifadhi kama hiyo katika majengo zaidi ya moja hakumrudishii mtu faili alilolifuta mwenyewe, kwa kuwa ufutaji nao hufika kote.

Nawasihi wenzangu wa Chumbageni na Ngamiani wamuulize fundi kabla ya kumlipa: nani anaruhusiwa kuingia, na nakala rudufu, ile ya akiba inayowekwa kando, iko wapi?

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga