Kabla hujatutumia picha ya pete, njoo uone jiwe

Karibu kila wiki tunapata meseji ya hivi wotsap: picha ya pete ya almasi imetolewa Instagram, chini yake "naomba kama hii ila muweke tanzanite". Sonara wetu hashindwi kuitengeneza. Lakini sisi tunakwambia pita kwanza karakana hapa Arusha uone jiwe, na kuna wanaohisi tunawazungusha ili bei ipande, kumbe wala.

Iko hivi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Vumbi hili hili la barabarani lina chembe za kwatzi ambayo ni 7, kwa hiyo ukiifuta pete yenye vumbi kwa upindo wa kanga tayari umeisugua na kitu kigumu kuliko yenyewe. Halafu tanzanite ina upande wake wa kupasukia, kama kuni vile, ukifuata mstari wake inaachia yenyewe, sasa ugonge mkono kwenye sinki na pigo liangukie upande huo... Ile pete ya kwenye picha jiwe limenyanyuliwa juu, limeshikwa na vikucha vinne vyembamba, kona zote ziko nje. Kwa almasi haina shida. Dada mmoja alitukomalia tukamfanyia hivyo hivyo na tanzanite, akarudi kona imemeguka, na kiukweli kosa lilikuwa letu, tungekataa. Siku hizi pete ya kuvaa kila siku tunalishusha jiwe na kulizungushia ukingo wa dhahabu, au tunakushauri hereni, maana masikio hayafui nguo.

Ila siyo ugumu tu, jiwe ndo linakuja na dizaini yake. Tanzanite nyingi zinatoka Mirerani zikiwa na ukahawia ukahawia, ukiligeuza kila upande lina rangi yake, likichomwa kwenye nyuzi kama 600 ule ukahawia unapotea inabaki bluu na zambarau. Mkataji inabidi achague, mara nyingi akitaka bluu iangalie juu anapoteza sehemu kubwa zaidi ya jiwe, akiacha zambarau linabaki na uzito. Hapo ndo tulipopata wazo la hereni za kuning'inia kwenye kikonyo kirefu: ukigeuza shingo rangi nayo inageuka. Jiwe hilo hilo ukilibana kwenye pete limekufa nusu.

Kuna na jiwe jingine, la Longido, hilo ndo linanipendeza mimi binafsi (wenzangu wananicheka). Ni la kijani lenye madoa meusi na rubi humo humo ndani, halipitishi mwanga, kwa hiyo tunalikata bapa tu tunaangalia wekundu umekaa wapi. Kuna kipande kilikaa mezani muda mrefu hakuna anayejua akifanye nini mpaka mtu akasema mbona kama embe linaloanza kuiva upande mmoja, basi tukakichonga umbo la embe kikawa kidani. Kwa ugumu rubi ni 9 na ile kijani ni laini zaidi, ukisugua kijani kinaisha haraka, wekundu unabaki umevimba kidogo. Tulitaka kuusawazisha, mteja akakataa, anasema anapenda kuupapasa akiwa kwenye foleni.

Kwa hiyo ukija njoo mchana, kwenye taa ya balbu tanzanite inavuta zambarau utadhani tumekubadilishia. Tuambie kazi yako pia, nesi na mtu wa benki hawavai pete moja. Ukishaichukua ioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, usiruhusu mtu aitie kwenye mashine ya kusafishia ya mtetemo. Na ukipeleka kwa fundi mwingine kupunguza saizi mwambie atoe jiwe kwanza, moto wa kuchomelea ukilifikia linaweza kupasuka, na likishapasuka sisi tutakuuzia lingine tu, kuliunga hatuwezi.