Wafundisheni wauguzaji kabla ya kumruhusu mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu alikuwa mkwezi hapa Pangani. Miaka miwili iliyopita aliteleza mnazini, akaumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hana hisia kuanzia kiunoni kushuka chini.

Waliomkuta walimbeba wawili, mmoja kwapani, mwingine miguuni, kiuno kikining'inia, wakamkunja ndani ya bajaji. Siwalaumu. Nani aliwahi kuwaambia kuwa mtu wa namna ile hulazwa juu ya ubao, hata mlango uliong'olewa, kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja?

Hospitalini walimpasua, wakamfunga vyuma, na kwa hilo nawashukuru. Shida yangu ni siku ya kuruhusiwa. Nilipewa dawa, tarehe ya kliniki na maneno mawili: "Mfanyisheni mazoezi."

Wiki ya tatu, nikimwogesha, niliona juu ya makalio ngozi imekolea weusi, ukubwa wa sarafu. Nikapaka mafuta ya nazi. Baada ya siku chache palikuwa shimo la kuingia kidole. Mama naye, akihurumia miguu iliyopoa, alimwekea chupa ya maji ya moto. Mgonjwa hakulalamika maana hasikii kitu. Malengelenge tuliyaona jioni. Halafu mpira wa mkojo ukaziba, homa ikapanda mpaka akaweweseka. Jirani akasema ni jini la mnazi. Zahanati wakapima mkojo, wakakuta maambukizi.

Aliyetuokoa ni muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu. Alituambia: Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Kagueni ngozi kila siku. Akikaa kitini, ajinyanyue kwa mikono mara kwa mara. Mfuko wa mkojo ukae chini ya kiuno, mpira usikunjwe. Basi! Daktari Ludwig Guttmann alisisitiza kugeuza wagonjwa hivyo hivyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, enzi ambazo wengi walioumia uti wa mgongo waliuawa na vidonda na maambukizi ya mkojo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilisema watu hawa wana uwezekano mara 2 hadi 5 zaidi ya wengine wa kufa mapema.

Ombi langu kwa hospitali zetu: asiruhusiwe mgonjwa wa uti wa mgongo mpaka ndugu atakayemuuguza amemgeuza, amemsafisha na kutunza mpira kwa mikono yake, muuguzi akimtazama. Mtasema wauguzi ni wachache. Ni kweli, lakini sisi ndugu tunashinda nje ya geti chini ya mwembe tukingoja saa ya kuona wagonjwa. Tuiteni ndani.

Kidonda kile kilichukua miezi 7 kufunga. Siku hizi mdogo wangu anatengeneza simu kibarazani. Katikati ya kazi huweka bisibisi chini, akajinyanyua kitini kwa mikono, na wateja wameshazoea kumngoja.

Dada wa mgonjwa,
Pangani, Tanga